Muafaka si Kusalimu Amri

Jumamosi, tarehe nane Februari, saa nne asubuhi, nilikuwa nimeketi kwenye kiti cha plastiki katika karakana ya matairi mjini Sugar Land, Texas, nikingoja gari langu literemshwe, na kwenye simu nikisoma sura niliyoiandika mwenyewe kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

Sura hiyo ilikuwa ya kitabu cha kamati yetu. Sisi ni watu wachache wa Houston na wa Dallas tunaoendesha madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi kwa watoto waliozaliwa huku. Tulikubaliana kuandika kitabu cha maisha ya watu kumi na wawili walioongoza nchi zao, ili watoto wasidhani kwamba Kiswahili kiliumbwa kwa ajili ya hadithi za sungura na fisi peke yake. Kila mwandishi alijichagulia mtu wake. Wenzangu walichagua Waafrika, na walifanya vyema. Mimi nilichagua Mhungaria wa karne ya kumi na tisa: mwanasheria mnene, mwenye masharubu mazito, asiyeoa maisha yake yote, aliyeipatia nchi yake bunge na serikali yake bila kupiga risasi. Simtaji jina hapa, kama nisivyomtaja mtu mwingine yeyote. Anayemjua atamtambua.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa amenitumia nakala ya mwisho kabla ya kwenda kwa mchapishaji. Ni Mkenya, muuguzi mkuu katika hospitali moja ya Dallas, mtu mwenye bidii ambaye bila yeye kamati ingekufa katika mwaka wake wa kwanza. Alikuwa ameipitia sura yangu na kuibadilisha. Kila mahali nilipoandika "muafaka", yeye aliweka "kusalimu amri". Nilihesabu mara kumi na moja, wakati fundi akifunga tairi la nyuma. Chini kabisa, baada ya sentensi yangu ya mwisho, aliongeza moja ya kwake: "Hivyo ndivyo shujaa aliyechoka alivyoiuza nchi yake." Jina langu liliachwa juu pale pale.

Fundi aliniita mara mbili nisisikie.

Lazima nieleze kwa nini neno moja liliweza kunifanya nisahau gari langu. Mimi ni mtu wa Unguja. Kwetu, kwa miaka mingi, siasa ilikaa jikoni. Kulikuwa na majirani ambao hawakuamkiana kwa sababu ya chama. Mtu alipita mbele ya duka la jirani akaenda kununua sukari mtaa wa tatu. Kubwa zaidi, watu hawakuzikana, na kwa Muislamu wa Visiwani hakuna jambo zito kupita hilo. Kaka yangu mkubwa, ambaye hakuondoka, alikaa na jirani yake ukuta kwa ukuta bila salamu tangu mimi niko sekondari. Muafaka ulipokuja, yaani mapatano ya vyama vile viwili, mimi tayari nilikuwa Marekani, na kama wengi walio mbali nilikuwa mkali kuliko waliobaki. Nilimpigia simu nikamwambia wamedanganywa. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akasema, "Mama wa jirani kafariki leo asubuhi. Nimelibeba jeneza, bega la kulia. Wewe ulikuwa wapi?"

Tangu siku hiyo sikulichezea tena neno muafaka.

Mhungaria wangu nilikutana naye katika maktaba ya chuo cha Richardson, pembeni mwa Dallas, miaka zaidi ya ishirini iliyopita, nilipokuwa nikisomea shahada ya pili ya historia. Nilikuwa natafuta kitabu kingine, nikavuta hicho kwa kukosea rafu. Nilisoma nimesimama. Mama yake alifariki akimzaa, na baba yake hakuweza kumtazama mtoto aliyemchukulia mke, hivyo akalelewa na jamaa, na baadaye na kaka na dada yake. Alisomea sheria. Kaka yake alikuwa mbunge, na alipojiuzulu aliwaambia watu wa jimbo kwamba atawaletea mdogo wake, mwenye akili kumzidi yeye. Nilicheka peke yangu mle maktabani, kwa sababu sijapata kumsikia kaka wa Kiswahili akisema hivyo mbele za watu.

Nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamwambia nataka kuandika tasnifu juu ya mtu huyu. Alikuwa muungwana, sauti yake ya upole. Aliniuliza kwa nini nisiandike juu ya watu wangu. Alisema karafuu, alisema biashara ya pwani, alisema mimi nina "faida" ambayo Mzungu hana. Nilimuuliza kama yule kijana wa Oklahoma aliyekuwa akiandika juu ya Japani aliambiwa arudi kwao Oklahoma. Alitabasamu. Nikaandika juu ya karafuu. Nikapata alama za juu, na watu wakanipongeza, nami nikapiga picha nimevaa joho. Huko ndiko kusalimu amri. Nimekuonja, nakujua utamu wake wa juu juu na uchungu unaofuata, na kwa hiyo najua ni nani asiyestahili kubandikwa neno hilo.

Sasa nilikuwa na miaka hamsini na moja, mkalimani wa hospitali kwa kazi, na hakukuwa na msimamizi wa kunipeleka kwenye karafuu. Nilikaa na Mhungaria wangu mwaka mzima, asubuhi kabla ya zamu, nikitafuta maneno ya Kiswahili ya kumvalisha. Kwa hiyo nilipotoka karakana nilimpigia simu mwenyekiti hapo hapo, kwenye maegesho.

"Dada yangu," alisema kwa furaha, "umeona tumekusafishia? Sasa inasomeka vizuri."

"Nimeona, mwenyekiti. Muafaka umeutupa wapi?"

"Ah, hilo neno. Dada, hilo ni la Zanzibar. Hapa tuko na Wakenya, tuko na Wakongo. Mtoto wangu hajui muafaka ni nini."

"Si ndiyo maana tunaandika kitabu, ili ajue?"

"Sawa, lakini kwetu tungesema handisheki, vile wakubwa wetu walipeana mikono wakapatana."

"Basi andika handisheki."

Alicheka. "Hapana, hiyo nayo ina wenyewe. Nikiandika handisheki, nusu ya wazazi watawatoa watoto darasani."

"Kumbe unajua neno lina wenyewe. Na hili langu lina wenyewe pia."

Akarudi na sauti ya ofisini. Aliniambia watoto wanahitaji shujaa. Katika sura yangu, alisema, shujaa yumo ila nimemweka pembeni: ni yule rafiki wa mtu wangu, msemaji moto, aliyeongoza vita vya uhuru, akashindwa, akaenda uhamishoni, asikubali kamwe. "Huyo ndiye wa kuandikiwa kitabu. Huyu wako amekaa hotelini zaidi ya miaka kumi akichonga vijiti, halafu akaenda kupatana na kaizari wa Austria. Nimwambie nini mtoto? Kaa hotelini?"

"Mwambie alifanya nini kabla ya kwenda hotelini."

"Dada, kamati imeshaamua. Kama hukubali, tukutane Richardson Jumamosi ijayo, uwaeleze wenyewe."

Nilikwenda. Ni saa nne na nusu za kuendesha kutoka Sugar Land, na katika njia yote hiyo nilikuwa najibu maswali ambayo hakuna aliyeniuliza. Nilimpitia binti yangu, anayesoma chuo kile kile nilichosoma mimi, tukala naye mchana. Nilimweleza. Alinitazama kama anavyonitazama ninapogombana na watu wa bima.

"Mama, si ni neno moja tu? Just change it, na ile sentensi yake ya mwisho uitoe."

"Ni mara kumi na moja."

"Okay, maneno kumi na moja." Alichukua kiazi kwenye sahani yangu. "Huyo mtu alifanya nini, kwa kifupi? Kifupi, Mama. Dakika mbili."

Dakika mbili zilinifaa, kwa kuwa ndizo nilizopewa na kamati alasiri ile.

Tulikutana katika chumba cha mikutano nyuma ya msikiti, watu wanane kuizunguka meza, chupa ya chai katikati. Nilisimama. Niliwaambia kwamba miaka michache kabla ya mapinduzi dhidi ya Austria, watu wa jimbo lake walimchagua tena kwenda bungeni, lakini uchaguzi ule ulikuwa na marungu na damu, na yeye akakikataa kiti. Marafiki walimsihi, naye akakaa nyumbani. Niliwaambia kwamba mwaka wa mapinduzi alikuwa waziri wa sheria, na vita vilipofika mlangoni alikwenda na ujumbe kumwona jemadari wa kaizari, wakitafuta amani. Jemadari alitaka jambo moja tu: wasalimu amri bila sharti.

"Neno lako hilo, mwenyekiti," nilisema. "Yeye aliambiwa neno hilo hilo, uso kwa uso, na hakulikubali. Ujumbe ukarudi mikono mitupu. Tukimwandikia leo kwamba alisalimu amri, tumempa jemadari kile alichokikosa."

Mwenyekiti aliandika kitu kwenye karatasi yake.

Niliendelea. Nchi iliposhindwa, Vienna, makao ya kaizari, ilimwita akasaidie kutunga sheria mpya, naye akajibu kwa adabu kwamba hawezi. Hakulaani. Alichosema ni kwamba nchi ina sheria zake, na sheria hazifi kwa kuwa jeshi limepita juu yake. Kisha akahamia Pest, akapanga chumba hotelini, na mlango wake ukawa haufungwi. Watu waliingia na mashauri yao, yeye akachonga mti na kusikiliza. Hakushika cheo cha kaizari, hakuhudhuria karamu zake. Nchi nzima ikajifunza kwake kukataa bila kelele. Kaizari aliposhindwa na Prusia na kuwa hana pa kwenda, alimuuliza mtu wangu sasa anataka nini, akitarajia bei imepanda. Alisema anataka kile kile alichokitaka kabla ya vita, wala hakuongeza.

"Hapo ndipo ulipo muafaka," nilisema. "Mfalme mmoja, kaizari huyo huyo, nchi mbili, kila moja na bunge lake na mawaziri wake. Yule aliye uhamishoni akaandika barua ya wazi kumshutumu kwamba ameua mustakabali wa taifa. Barua nzuri, kali, imeandikwa vizuri kuliko chochote alichoandika mtu wangu. Mmoja aliandika akiwa mbali, mwingine alikuwa pale pale na watu wa kuzika. Akaambiwa awe waziri mkuu, akakataa. Akapewa nishani, akakataa. Mtu aliyeuza nchi angechukua malipo."

Mwanamama mmoja Mkongo, anayefundisha darasa letu la Gulfton, mtaa wa Houston, katika ukumbi mdogo wa majengo ya kupanga, aliinua mkono. Ana ulimi mwepesi na namheshimu kwa hilo. "Mama, miye naelewa. Siye kwetu tunaita arrangement. Wakubwa banakutana ku hoteli, banakula, banapiga picha. Wadogo tunabakia njaa. Ile yako ni tofauti na hii?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lilikuwa swali zuri kuliko hotuba yangu.

"Kwa baadhi ya watu, haikuwa tofauti," nilimjibu. "Waslovakia, Waromania, Wakroatia, Waserbia waliokuwa ndani ya Hungaria hawakuulizwa walivyopaswa kuulizwa. Alitunga sheria ya mataifa na lugha zao, na wao hawakuridhika nayo, na nadhani walikuwa na haki. Hilo nimeliandika. Lilikuwa ukurasa wa tano, mama. Mwenyekiti ameliondoa."

"Lilikuwa refu," mwenyekiti alisema.

"Lilikuwa aya moja. Umemfanya msaliti wa watu ambao hakuwasaliti, ukawafuta wale ambao kweli aliwaacha nje."

Watu wakatazama chai. Kisha mwenyekiti, ambaye si mtu mbaya, akafanya kile ambacho wenyeviti wema hufanya. Alipendekeza tukutane katikati. Neno "muafaka" litakuwemo mara moja, mwanzoni, na maelezo madogo chini ya ukurasa kwamba ni neno la Zanzibar lenye maana ya kusalimu amri kwa heshima. Sentensi ya kuuza nchi italegezwa kidogo, iwe "wengine husema aliiuza nchi." Waromania na wenzao watarudi, kwa mistari miwili. Kitabu kitoke kwa wakati.

"Huo ndio muafaka, dada," alisema, na alikuwa na haki ya kutabasamu. "Au siyo?"

Meza yote ilinigeukia. Nakiri alinipata. Nilikuwa nimesimama dakika ishirini badala ya mbili nikisifu kupatana, sasa napatanishwa, na kukataa kungenifanya nionekane mnafiki. Mzee mmoja wa Tanga upande wa pili alisema taratibu, "Kubali, mwanangu. Umeshapata nusu." Wakapiga kura. Sita waliinua mikono. Mwanamama wa Gulfton hakuinua, alikuwa anajimiminia chai, na hata sasa sijui kama alikuwa upande wangu au alikuwa na kiu.

Nilisema nitajibu kwa maandishi. Mwenyekiti alinipa wiki tatu, kwani mchapishaji alikuwa amechelewa vile vile.

Wiki hizo nilikwenda kazini, nikawatafsiria wagonjwa. Kazi yangu ina kanuni moja ngumu: daktari akisema "uvimbe", mimi siruhusiwi kusema "saratani", hata kama nadhani ndicho anachomaanisha, wala siruhusiwi kusema "kijipu" ili mama wa watu asiogope. Nimeiheshimu kanuni hiyo miaka kumi na minne katika vyumba ambamo watu walikuwa wanakufa. Nilishangaa kwamba wakati wa kura ile sikuikumbuka.

Nilijiuliza pia ni kipi ninachoweza kukiachia. Mtu wangu aliachia mengi: jeshi likawa la pamoja, mambo ya nje yakawa ya pamoja, mfalme akabaki kuwa yule yule aliyewanyonga majemadari wao. Alijua mstari wake uko wapi kwa sababu alikuwa ameuchora mapema, akiwa hana nguvu, na hakuusogeza alipopata nguvu. Nilikaa mezani na kalamu, nikachora wangu. Haukuwa mrefu.

Kaka yangu alipiga simu katikati ya wiki ya pili kuulizia mafuta ya viungo niliyomwahidi. Nilimsimulia. "Kwa hiyo wanasema muafaka ni kusalimu amri?" aliuliza.

"Kwa heshima."

"Waambie waje kwetu wamwambie hivyo yule jirani. Ana mdomo mchafu kuliko mimi." Kisha akasema, "Usijitoe tu. Wewe ukikasirika hujitoa. Tangu mdogo."

Ilikuwa kweli, na iliniuma, kwa sababu barua niliyokuwa nimeshaiandika ilikuwa ya kujiuzulu. Niliichana. Tarehe saba Machi nilituma hii:

"Mheshimiwa Mwenyekiti, na wajumbe wenzangu,

Nimetafakari pendekezo la kamati kwa uzito linalostahili. Nakubali sura ifupishwe kwa theluthi. Nakubali kichwa kibadilishwe mtakavyo. Nakubali, na kwa kweli napenda, yule aliyekwenda uhamishoni aongezewe ukurasa mzima, na shutuma zake zielezwe kwa nguvu zake zote, maana watoto wana haki ya kumchagua yeye. Niko tayari kuuandika ukurasa huo mimi mwenyewe, bila kumpendelea rafiki yake.

Sikubali neno 'kusalimu amri' kwa jambo ambalo halikuwa hivyo, wala maelezo ya chini ya ukurasa yanayosema muafaka ndiyo maana yake. Hiyo si maana yake Unguja, wala haipo katika kamusi yoyote niliyonayo. Sikubali 'wengine husema aliiuza nchi' bila kutaja ni nani aliyesema, na bila kuwepo aya nzima ya Waslovakia, Waromania na wenzao, ambao wangekuwa na la kusema.

Pendekezo lenu nimeliita mapatano kwa siku kadhaa, nikijaribu kulizoea. Lakini watu wawili hupatana juu ya kile ambacho kila mmoja yuko tayari kukiachia. Maana ya neno si mali yangu nikaweza kuiachia.

Kama masharti haya hayawezekani, naomba sura nzima iondolewe pamoja na jina langu, na kitabu kitoke na watu kumi na mmoja. Sitalalamika hadharani wala sitaomba kura irudiwe. Katika hali hiyo nitaifundisha sura yangu katika darasa la Gulfton kwa nakala nitakazozipiga mwenyewe. Mwalimu wa pale ameshanikubalia, kwa sharti kwamba naye asimame siku hiyo hiyo awaeleze watoto kwa nini haniamini.

Kuhusu uvumi niliousikia kwamba ninajiuzulu, si kweli. Mimi ni mjumbe wa kamati hii na nitaendelea kuwa. Mkutano wa tarehe ishirini na mbili nitakuja Richardson kama kawaida. Zamu ya chai ni yangu. Naomba jibu lenu liwe kwa maandishi.

Wasalaam."